‘Mboga Tu’ Haitoshi: Mwislamu Kwenye Meza ya Kichina Isiyo na Nyama

Mji wetu wa Mikumi unaishi kwa chakula cha wapita njia. Mabasi yaendayo Iringa, Mbeya na Songea husimama hapa, na malori yaendayo Zambia, Malawi na Kongo hulala hapa kabla au baada ya kuvuka mbuga. Kwa sababu hiyo watu wa Mikumi hujua mapema kuliko wengi kwamba binadamu hawali namna moja. Yupo anayeuliza kuku amechinjwa na nani, yupo asiyegusa samaki, na yupo anayetaka wali na maharage peke yake kwa sababu dini yake au tumbo lake halipokei nyama.

Katika miaka hii wamezidi kuonekana miongoni mwa wageni hao ndugu zetu wa Kichina. Kwa hakika si wageni wapya katika ukanda huu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukamilika 1975, ilikuwa na kambi na karakana kubwa pale Mang’ula, upande wa Kilombero, na wazee wetu wengi walishika sururu pamoja na mafundi wa Kichina. Katika wilaya yetu ya Kilosa kuna shamba la mkonge la Rudewa linaloendeshwa na Wachina tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana wetu leo wanafanya nao kazi barabarani, mashambani na madukani. Wanapofanya kazi pamoja, saa ya chakula cha mchana huwakuta pamoja pia.

Hapo ndipo lilipoanzia suala tunaloliandikia. Katika wiki moja, kamati ya msikiti wetu ilipokea maswali mawili kuhusu chakula cha Kichina kisicho na nyama. La kwanza lilitoka kwa kijana anayefanya kazi katika kambi ya ujenzi. La pili lilitoka kwa mfanyabiashara wa mji wetu aliyekuwa amerejea kutoka China. Tulipoyaweka maswali hayo pamoja katika darsa baada ya swala ya Isha, tuliona jambo lililotushangaza sote: chakula kilichoitwa “nguruwe” hakikuwa na nguruwe hata chembe, na chakula kilichoitwa “mboga” ndicho kilichokuwa naye.

Chakula cha mchana mjini Guangzhou

Tuanze na mfanyabiashara. Yeye, kama wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na mikoani, hufuata bidhaa katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, ambako tangu 1957 hufanyika maonyesho makubwa ya biashara, na siku hizi hufanyika mara mbili kila mwaka. Mji huo si mgeni kwa Uislamu. Upo hapo Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti mikongwe ya China, wenye mnara wa takriban mita 36, na Waislamu wa Kichina husimulia kwamba asili yake inarudi kwa sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.), ingawa wanahistoria hawakukubaliana juu ya masimulizi hayo. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka msikitini lipo hekalu la Kibudha la Liurong, lililoasisiwa 537.

Mwenyeji wake, mama wa makamo anayemuuzia betri na taa za jua, alimwalika chakula cha mchana. Mama huyo ni Mbudha na hali nyama kabisa. Alijua pia kwamba mgeni wake ni Mwislamu. Akamwambia kupitia mkalimani kwamba watakwenda mahali ambapo wote wawili wataweza kula bila mashaka, yaani mgahawa wa mboga wa Kibudha.

Ndugu yetu alituambia kwamba aliingia kwa moyo mweupe, akaketi kwenye meza ya duara ambayo katikati yake kuna sahani kubwa inayozunguka, akafungua orodha ya vyakula yenye picha na maandishi ya Kiingereza, na moyo ukamruka. Ukurasa wa kwanza uliandikwa bata wa kuchoma. Wa pili uliandikwa nguruwe wa mchuzi mtamu na mkali. Wa tatu samaki mzima, mwenye kichwa na mkia.

Mwenyeji aliona uso wake ukibadilika. Akamwita mhudumu, na mhudumu akaeleza kila sahani. Bata alikuwa utando mwembamba unaotoka juu ya maziwa ya soya yanapochemshwa, uliokunjwa tabaka kwa tabaka na kukaangwa. Nguruwe alikuwa uyoga uliochovywa kwenye unga, ukakaangwa, ukamwagiwa mchuzi wa nanasi na siki. Samaki alikuwa viazi na tofu vilivyofinyangwa kwa umbo la samaki. Vitu vingine vilikuwa vimetengenezwa kwa unga wa ngano unaokandwa na kuoshwa kwa maji mpaka wanga wote utoke, kikabaki kile kinachovutika kama mpira, ambacho kikipikwa hutafunika mfano wa nyama.

Mwisho alikula wali, majani mabichi yaliyopikwa kwa tangawizi, tofu yenye uyoga mweusi, na supu ya boga. Kile kilichoitwa nguruwe hakukigusa. Swali alilotuletea lilikuwa hili: je, alifanya sawa kukiacha, au alijinyima bure? Na je, kukaa kwake katika mgahawa wa namna ile kulikuwa na kosa?

Kwa nini Wabudha wa China hawali nyama

Kabla ya kujibu, ni vyema kukijua chakula chenyewe. Si kila Mbudha duniani huacha nyama, lakini katika Ubudha wa Kichina desturi hiyo ni ya zamani sana. Mfalme Wu wa ukoo wa Liang, aliyetawala kuanzia 502 hadi 549, aliwakataza watawa wa dini yake nyama na pombe, na tangu hapo jiko la mahekalu likawa jiko la mimea. Mahujaji na matajiri waliotembelea mahekalu walitaka kula vitu vilivyofanana na vile walivyovizoea nyumbani, na wapishi wakawa mahodari wa kuigiza nyama kwa soya, ngano na uyoga. Ndiyo asili ya bata asiye bata.

Katika jiko hilo kuna mambo mawili ambayo Mwislamu akiyasikia hutega sikio. La kwanza ni kwamba Mbudha mshika dini anakatazwa kulewa, kwa hiyo mgahawa wa mboga unaofuata masharti ya hekalu haupiki kwa mvinyo. La pili ni kwamba hawatumii vitunguu maji, vitunguu saumu wala jamii zake, kwa kuwa wanaamini harufu na ukali wake huvuruga utulivu wa ibada. Sisi hatukuharamishiwa vitunguu. Lakini tunajua kutoka katika Hadithi zilizo sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza waliokula vitunguu vibichi kuukaribia msikiti, kwa sababu ya udhia wa harufu. Sababu zinatofautiana, na itikadi zinatofautiana zaidi, ila mtu wa msikitini anaweza kuielewa adabu hiyo bila kufafanuliwa sana.

Neno la Kichina la chakula cha namna hii ni “su”. Chakula kinachoruhusiwa kwa Waislamu huitwa “qingzhen”, neno linaloandikwa juu ya milango ya migahawa ya Waislamu wa China, ambao idadi yao ni mamilioni. Msafiri akiyashika maneno hayo mawili amebeba akiba nzuri. Qingzhen ndilo la kutafuta kwanza. Su ni la kutafuta pale ambapo qingzhen halipatikani, na baada yake maswali bado yapo.

Neno “mboga” na mtego wake

Sasa tuje kambini. Kijana wetu alikuwa akila pamoja na wenzake chakula kinachopikwa na mpishi wa Kichina. Alipoanza kazi alisema wazi kwamba yeye ni Mwislamu na hali nguruwe. Mpishi, mtu mwema kwa ushahidi wa kijana mwenyewe, alimtengea kila siku wali na majani, akimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: “Mboga tu, mboga tu.” Alikula hivyo kwa muda. Siku moja aliingia jikoni kuchukua maji, akamwona mpishi akichota kijiko cha mafuta meupe yaliyoganda kutoka katika kopo, akayayeyusha kwenye karai, kisha akatia majani ya kabichi. Aliuliza ni mafuta gani. Mpishi hakuficha. Yalikuwa mafuta ya nguruwe.

Tangu siku hiyo kijana aliacha kula mchana. Alikuwa akifanya kazi ya jua kali kuanzia asubuhi hadi jioni kwa chai na maandazi. Akadhoofu, na mama yake akaja kutuambia kwamba heri mwanawe aache kazi kuliko kufa na njaa au kulishwa haramu. Kijana huyo ndiye anayesomesha wadogo zake wawili.

Hapa ni lazima tuseme jambo juu ya lugha, kwa kuwa ndani yake mna mtego. Kiswahili chetu kina neno moja, mboga, lenye maana mbili. Ni majani tuyapandayo bustanini, na ni kitoweo chochote cha kulia ugali au wali. Mtoto akiuliza, “Mama, mboga leo ni nini?” anaweza kujibiwa nyama, dagaa au maharage, na hakuna atakayeshangaa. Wachina nao wana neno “cai”, ambalo ni majani ya kula na pia ni kitoweo chochote kinachowekwa mezani. Mpishi wa kambini alisema kweli katika lugha zote mbili. Majani yalikuwa majani. Hakuna aliyemwuliza habari ya mafuta, na kwa desturi ya kwao mafuta hayo hayakibadilishi chakula cha majani kuwa chakula cha nyama, kama ambavyo mama wa Kitanzania hudhani mchicha ni mchicha tu hata ukiungwa kwa supu ya ng’ombe.

Katika jiko la kawaida la Kichina, lisilo la Kibudha wala la Kiislamu, vitu vitatu huweza kuingia katika sahani ya majani bila kuonekana. Kwanza ni mafuta ya nguruwe, yanayopendwa kwa kuunga majani. Pili ni supu au unga wa mifupa, wa nguruwe au wa kuku asiyejulikana amekufaje. Tatu ni mvinyo wa mchele, ambao wapishi wengi hutia kijiko kimoja au viwili kuondoa shombo. Mchuzi wa soya wenyewe asili yake ni soya, ngano, chumvi na maji vilivyochachuliwa, lakini baadhi ya viwanda huongeza alkoholi ili usiharibike, na hilo husomwa kwenye chupa.

Dini yasemaje

Misingi ya suala hili iko wazi. Qur’ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 3, imeharamisha mzoga, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Allah (s.w.), na katika aya ya 90 ya sura hiyohiyo imeharamisha ulevi. Katika aya ya 87 imetukataza vilevile kuviharamisha vitu vizuri tulivyohalalishiwa. Aya hizi ni vizuri kusomwa pamoja, kwa kuwa watu huwa wanakosea upande mmoja au mwingine.

Mimea, nafaka na matunda asili yake ni halali, akipika Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Hakuna kuchinja katika uyoga. Kinachobaki kutazamwa ni kama kilichotwaharika kimechanganywa na najisi. Kwa msingi huo, mfanyabiashara wetu hakukosea kuingia katika ule mgahawa, wala kula alichokula, baada ya kuuliza na kujibiwa kwamba hakina mnyama wala mvinyo. Kama chakula kingekuwa kimewekwa mbele ya sanamu kwa ibada kisha kikagawiwa, jambo lingekuwa jingine, na masheikh wetu hutuelekeza tujiepushe nacho. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wateja hakimo katika hilo.

Na “nguruwe” wa uyoga? Hukumu hufuata uhalisia wa kitu, haifuati jina lililobandikwa. Pombe ikiitwa juisi haihalaliki, na uyoga ukiitwa nguruwe hauharamiki. Hata hivyo katika darsa letu wazee walitofautiana, na tunaona ni uadilifu kuzieleza pande zote mbili. Wengine walisema kula ni ruhusa na hakuna haja ya kujizuia. Wengine walisema kuacha ni bora, kwa kuwa moyo wa Muumini umelelewa kuchukia kitu hicho, na mtoto akimwona baba yake anafurahia sahani yenye jina hilo anaweza kuizoea sahani na jina kwa pamoja. Sheikh wetu alihitimisha kwa kukumbusha kisa cha kenge wa jangwani aliyeletwa mezani: Mtume (s.a.w.) hakumla kwa kuwa nafsi yake haikumpenda, wala hakumharamisha, na Khalid bin Walid (r.a.) akamla mbele yake. Mfanyabiashara alikiacha kwa kuwa nafsi ilikataa. Alikuwa na haki hiyo. Hana haki ya kumlaumu mwenzake atakayekula.

Kambini hali ni tofauti. Majani yaliyoungwa kwa mafuta ya nguruwe hayaliwi na Mwislamu, hata yakiitwa mboga mara mia. Karai lililopikiwa mafuta hayo nalo lina hukumu. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya jirani zao, na katika mapokezi ya Abu Daud alitaja kwamba jirani hao walipika nguruwe na kunywea pombe katika vyombo hivyo. Alielekezwa kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo vingine, na wasipopata, waoshe kisha watumie. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kauli mashuhuri ni kwamba najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kati yake kwa maji yenye udongo. Wapo maulamaa wengine waliotosheka na kuosha mpaka najisi iondoke. Kwa vyovyote vile, mafundisho hayo hayakumwambia Abu Thaalaba avunje ujirani, na hayakumwambia afumbe macho.

Tulivyokwenda kuuliza

Kamati ilituma watu wanne kambini, pamoja na kijana mwenyewe. Tulifika mchana kabla ya chakula. Kijana alitaka kubaki nje kwa haya. “Ustadh,” alituambia, “wataona nawadharau chakula chao.” Tukamwambia aingie, kwa kuwa yeye ndiye anayejua Kichina kidogo, na kwa kuwa kuuliza kwa adabu si dharau.

Msimamizi alitukaribisha chai. Tulieleza kwa muda mrefu, kupitia Kiswahili, Kiingereza na ishara za mikono, habari ya mafuta na karai, naye alikuwa akitikisa kichwa bila kuonyesha ameelewa. Ndipo kijana akataja neno alilofundishwa na mfanyabiashara wetu usiku wa darsa: qingzhen. Uso wa yule bwana ukafunguka. Alisimama, akamwita mpishi, wakasemezana kwa kasi. Katika mji wake wa kuzaliwa, alitueleza, kuna migahawa ya Waislamu inayouza tambi za mchuzi wa ng’ombe, na amekula huko tangu utotoni. Alilijua jambo lenyewe vizuri sana. Hakuwa amelifungamanisha na kijana wa Mikumi.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Sufuria moja mpya na karai moja dogo, vinavyowekwa pembeni na kutumika kwa Waislamu peke yao. Mafuta ya alizeti, yanayopatikana dukani hapahapa. Hakuna mvinyo wala unga wa supu katika vyombo hivyo. Siku ambazo mpishi ana kazi nyingi, vijana wanapika wenyewe kwa zamu. Waislamu katika kambi walikuwa saba, na tulipoulizana tukakuta watatu kati yao walikuwa wakila bila kuuliza na wawili walikuwa wakishinda njaa. Kila mmoja alikuwa akibeba shida yake peke yake.

Mambo ya kuuliza mezani

Kwa faida ya familia zenye vijana kazini, wanafunzi wanaosoma China, na wafanyabiashara wasafirio, tumekusanya maswali manne yatoshayo katika mgahawa au jiko lolote la Kichina linalosema halina nyama.

La kwanza: mnapikia mafuta gani? Jibu linalotakiwa ni mafuta ya mimea. La pili: mnatia supu au unga wa mnyama? La tatu: mnatia mvinyo? La nne: karai hili hupikiwa nyama pia? Katika mgahawa wa Kibudha ulio wa mboga peke yake, majibu manne mara nyingi huwa mepesi. Katika mgahawa wa kawaida wenye ukurasa mmoja wa mboga, swali la nne ndilo huwa gumu. Asiyejua lugha aseme “wo bu chi zhurou”, yaani sili nyama ya nguruwe, na aongeze “zhuyou” akiashiria hapana, kwa kuwa hayo ndiyo mafuta yake.

Ukishajibiwa kwa ukweli, sema Bismillahi ule, wala usiendelee kupekua mpaka wasiwasi ukawa ndiyo dini yako. Ukiambiwa kuna kitu kisichofaa, kiache bila kukunja pua. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakukitia ila chakula kamwe: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Vijiti si lazima, omba kijiko, na ule kwa mkono wa kulia. Na ile sahani inayozunguka imewahi kuwafaa watoto wetu darasani kama mfano, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama kula kilicho mbele yake. Subiri sahani ikufikie, usimrukie jirani.

Soya ya Kilosa katika jiko letu

Mwishoni mwa darsa kina mama waliuliza: hiyo tofu inayosifiwa, hatuwezi kuipika hapa? Inawezekana, na wilaya yetu ina sababu ya kuijua zaidi ya wilaya nyingi. Katika kijiji cha Peapea, Kilosa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha China wamekuwa wakifanya kazi na wakulima wetu tangu 2011. Walianza na mahindi, na katika miaka ya karibuni wakahimiza kupanda soya katikati ya mahindi na kutengeneza maziwa ya soya kwa ajili ya lishe ya watoto. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa soya kavu ni protini, na kilo yake huwa nafuu kuliko kilo ya nyama.

Chukua nusu kilo ya soya, oshe, iloweke usiku kucha. Asubuhi imwage maji yake, isage kwa maji safi kiasi cha lita tatu, kisha ikamue kwa kitambaa safi. Maziwa yatakayotoka yachemshe kwa moto wa wastani huku ukikoroga, na baada ya kuchemka yaache dakika 15 zaidi, kwani soya isiyoiva vizuri huumiza tumbo. Epua. Changanya vijiko vikubwa vinne vya maji ya ndimu au siki katika kikombe cha maji, umimine kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Maziwa yatakatika. Subiri dakika 15, mimina katika kitambaa kilichotandazwa ndani ya chujio, funga, weka uzito juu kwa nusu saa. Kilichoganda ndicho tofu. Kikate vipande, kaanga kwa mafuta ya alizeti, unga kwa nyanya, tangawizi na vitunguu, kisha tia mchicha. Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa yapikwe pamoja na uji au wapewe kuku.

Hatusemi kwamba familia ziache nyama. Allah (s.w.) ameihalalisha, na Idi ya kuchinja ni ibada. Lakini nyumba nyingi hula nyama mara chache kwa sababu ya bei, na siku zilizobaki watoto hula ugali na maji ya mchicha. Anas bin Malik (r.a.) alimwona Mtume (s.a.w.) akialikwa na mshona nguo, akafuatia vipande vya boga katika sahani kwa kuvipenda. Meza isiyo na nyama nayo ina heshima yake.

Wazazi wawafundishe watoto wao neno la kuuliza kabla hawajaondoka nyumbani kwenda kutafuta riziki. Kijana aliyeleta swali lake kwetu angali kazini, anakula mchana kutoka katika sufuria lake, na wadogo zake wangali shuleni. Wale wenzake watatu waliokuwa wakila bila kuuliza sasa wanakula naye.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie riziki iliyo halali na nzuri, atupe ulimi wa kuuliza kwa adabu, na awalinde vijana wetu popote wanapoketi kula. Wabillahi tawfiq.